Una kovu la BCG begani? Soma hapa kuhusu TB ya mapafu

Wiki iliyopita jamaa yangu karudi hapa Mpanda kutoka machimbo ya dhahabu, anakohoa wiki ya tatu sasa. Nikamwambia nenda kapime TB. Akavuta shati, akanionyesha kovu la bega la kulia: "Nilichanjwa utotoni kaka, hainipati." Wengi tunaamini hivyo, kwa hiyo nieleze kidogo.

Kijidudu kikiingia mwilini, chembe nyeupe za damu hupigana nacho. Vita ikiisha nyingi zinakufa, ila chache zinabaki zikiijua sura ya adui. Hizo ndizo seli za kumbukumbu. Adui akirudi, zinaongezeka haraka na kuita wenzao. BCG, chanjo iliyoanza kutumika Paris mwaka 1921, inampa mtoto kumbukumbu hiyo. Inamkinga vizuri na TB kali, hasa inayopanda kwenye ubongo.

Shida ni sisi wakubwa. Kinga hiyo inapungua miaka inavyokwenda. Halafu kijidudu cha TB kinaingia kwa hewa mpaka ndani ya mapafu, kinajificha ndani ya chembe zile zile zilizokimeza. Seli za kumbukumbu zinachelewa kufika, kumbe mwenzao kashazaliana. VVU navyo vinaua chembe za CD4 zinazoongoza mapambano, na vumbi la mawe machimboni linadhoofisha ulinzi wa mapafu.

Je, kumbukumbu inaweza kuamshwa? Dar es Salaam walijaribu kuanzia 2001, utafiti wa DarDar. Watu zaidi ya 2,000 wenye VVU na kovu la BCG waligawanywa: nusu wakachomwa bakteria waliouawa, ndugu wa kijidudu cha TB, nusu sindano isiyo na dawa. Matokeo ya 2010: kwa waliochanjwa, TB iliyothibitishwa ilipungua kwa asilimia 39. Lakini jaribio lililofuata kwa vijana wa Dar, matokeo yake 2020, halikuzuia maambukizi.

Kwa hiyo kovu si cheti. Hata aliyeugua TB akapona anaweza kuipata tena. Ukikohoa wiki 2 au zaidi, ukatokwa jasho usiku au ukakonda, peleka makohozi yakapimwe. Dawa za TB nchini ni bure, na kawaida unameza miezi 6 bila kukatisha.

Jamaa kakubali, jana tumepeleka makohozi. Majibu tunasubiri.

Nawasilisha. Wewe kovu lako ulikuwa unaliamini?