Mtaro Usio na Mwenyewe

Kila masika, na mara nyingine hata vuli, taarifa kutoka Mkoa wa Tanga hutufikia kwa maneno yale yale: mvua imekata barabara. Leo ni Handeni, kesho Kilindi, keshokutwa ni milima ya Lushoto au njia za machungwa za Muheza. Basi haliendi, mahindi yanaozea ghalani, na mama mjamzito anabebwa kwa machela hadi barabara kuu. Kisha jua linawaka, greda linapita, nasi tunasahau. Juma hili napenda tuulize swali moja tu: je, ni kweli kwamba mwenye kosa ni mvua?

Ndugu msomaji, barabara ya udongo haina adui mkubwa kuliko maji yaliyokosa pa kwenda. Barabara iliyojengwa vizuri huinuliwa katikati ili maji yateremke pembeni. Pembeni huchimbwa mtaro, na mtaro hutobolewa mahali mahali ili umwage maji porini. Panapopita mkondo huwekwa kalavati. Mtaro ukijaa mchanga, au kalavati likizibwa na matawi, maji hupanda juu na kuigeuza barabara kuwa mto. Penye mteremko mkali kama ule wa Usambara, masika moja yanatosha kuchimba korongo la kumeza gurudumu.

Kazi ya kuzuia hayo ni ya jembe na sepeto. Haihitaji mtambo, inahitaji mtu, tena mtu wa karibu. Kwa hiyo historia ya barabara zetu za vijijini ni historia ya kumtafuta mtu huyo.

Wakati wa Mjerumani alipatikana kwa amri. Reli ya kutoka Tanga ilifika Muheza mwaka 1896 na Moshi mwaka 1912, lakini njia za kuifikia zilifyekwa na kutunzwa kwa nguvu za wanakijiji. Kodi ya kibanda ilipoanza kutozwa mwaka 1898, asiye na rupia alilipa kwa jasho, akisimamiwa na jumbe, na juu ya jumbe akiwapo akida. Mwingereza alipoichukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, hakuliacha jambo hilo. Aliyeshindwa kodi aliweza kupelekwa barabarani na jembe lake. Mtaro ulisafishwa, ndiyo, lakini na mtu asiyeuona kuwa wake. Wako wazee waliosifu barabara za zamani. Mimi siwezi kuzisifu bila kukumbuka zilitunzwa kwa migongo ya nani.

Ubaya wa njia hiyo ulionekana wazi kule Mlalo, wilayani Lushoto. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo, na wakulima wakalazimishwa kuchimba matuta milimani. Kupunguza kasi ya maji ya mlimani ni jambo la maana, kwani maji yasiyozuiwa shambani huishia barabarani. Lakini lilikuja na faini na vitisho. Wasambaa wakaligomea, kama walivyofanya Waluguru mwaka 1955, na matuta yakawa jina lingine la ukoloni. Shuri jema likiletwa na fimbo, watu hukumbuka fimbo.

Baada ya Uhuru barabara ndogo ziliangaliwa na halmashauri za wilaya. Zilikuwa na fedha kidogo, lakini mwananchi alijua mlango wa kubisha. Mwaka 1972, chini ya mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, halmashauri hizo zikafutwa na kazi zake zikashikwa na maofisa wa serikali kuu. Jina lilisema madaraka yanashuka. Kwa upande wa mtaro yalipanda, maana ofisa alijibu kwa wakubwa wake, si kwa mwenye shamba.

Halmashauri za miji nazo zilifutwa, na ilichukua kipindupindu na uchafu wa mijini kuzirudisha mwaka 1978. Vijijini walisubiri hadi mwaka 1984, na mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alisema katika mahojiano kwamba kama angeanza upya, kuzifuta serikali za mitaa ni jambo ambalo asingelifanya.

Kumbukeni pia kwamba katikati ya miaka ile ya 1970 ilipita Operesheni Vijiji. Maelfu ya watu walihamishiwa kando ya barabara ili huduma ziwafikie. Hawajapata kuwa karibu na mtaro kiasi hicho. Lakini mwenye mtaro alikuwa ameondolewa. Maji ya nyuani yakaelekezwa barabarani, vijia vya ng'ombe vikawa mifereji, na mbele ya nyumba mtaro ukafukiwa kifusi ili mkokoteni upite.

Halmashauri zilirudi mifuko ikiwa mitupu, na mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikazikuta hivyo. Tangu hapo, tuseme kweli, yamefanyika mengi. Sheria ya mwaka 1998 iliunda Bodi ya Mfuko wa Barabara. TANROADS ilianza mwaka 2000 ikiangalia barabara kuu na za mikoa. Mwaka 2017 barabara za wilaya zilitolewa tena mikononi mwa halmashauri zikapewa TARURA, na mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili yake. Hata wewe unayepanda daladala mjini unachangia. Hata hivyo vuli ya Oktoba 2019 iliua watu Handeni na kukata barabara.

Wakala una wahandisi na mitambo, lakini mtandao wake ni zaidi ya kilomita 100,000 nchi nzima. Mhandisi wa wilaya hawezi kujua kwamba kalavati la kijiji fulani limezibwa na gogo tangu juzi. Anayejua ni jirani yake.

Majirani zetu wa Kenya waliliona hilo mapema. Katika mpango wao wa barabara za vijijini ulioanza mwaka 1974, waliajiri wakazi kwa mikataba midogo, kila mmoja akipewa kipande kilicho karibu na kwake, akafyeka na kuzibua mtaro kwa malipo. Hapakuwa na akida wala faini. Palikuwa na jembe, ujira na jina la mtu anayeulizwa.

Maoni yangu ni hayo. Mkoloni alikuwa na mtu wa mtaro akamdhulumu. Sisi tulimkomboa, tukafanya vema, ila tukasahau kumwajiri. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe ni daraja jipya la mamilioni. Kila kilomita chache za barabara ya udongo zipewe mkazi mmoja anayelipwa kwa wakati, na jina lake libandikwe katika ofisi ya kijiji. Kazi ianze kiangazi, kabla wingu halijatanda. Maji yatakuja tu. Yakute mtaro una mwenyewe.