Mashine Ihojiwe Kabla ya Kuaminiwa

Mwaka 1965 kompyuta ya kwanza nchini Tanzania, ya aina ya ICT 1500, ilisimikwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam. Matumaini yalikuwa makubwa: hesabu za serikali, zilizowachukua makarani siku nyingi, zingemalizwa kwa muda mfupi. Lakini hesabu zilivurugika, na wataalamu wa kuzitengeneza walikuwa haba. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye kidogo kidogo. Fundisho lake likabaki, yaani, chombo kisichohojiwa hakistahili kuaminiwa.

Zamani mwandishi wa programu aghalabu aliihoji kazi yake kwa macho: aliiendesha, akatazama jibu, akaridhika. Kesho yake akibadili mstari mmoja, hakujua ni lipi lililoharibika kwingine. Mwaka 1994 Kent Beck wa Marekani alieleza namna ya kuandika majaribio madogo ambayo mashine huyaendesha yenyewe. Mwaka 1997 yeye na Erich Gamma wa Uswisi, wakiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta, waliandika JUnit, chombo cha kufanyia majaribio hayo katika lugha ya Java.

Desturi hiyo iliingia pia katika hesabu za afya za Tanzania. Zahanati za Temeke na Kinondoni, kama za kwingineko nchini, huandika habari za wagonjwa katika vitabu vya MTUHA na kuzijumlisha kila mwezi. Jumla hizo huingizwa katika DHIS2, programu ya tovuti inayotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo kwa lugha ya Java, nayo imejaa majaribio ya JUnit. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho Mlimani yake ilikuwa wakati huo katika wilaya ya Kinondoni, walishiriki kuifanya ifae nchini, ikaenezwa katika miaka ya 2010.

Basi anayeanza na aitazame hesabu ya chanjo. Sehemu moja ya programu hupokea idadi ya watoto waliochanjwa na ya waliotarajiwa, ikatoa asilimia. Kwanza huandikwa swali pamoja na jibu lake: 45 kati ya 60 ni 75. Jaribio huendeshwa kabla sehemu yenyewe haijaandikwa, nalo hushindwa. Kisha huandikwa mistari michache mpaka lifaulu. Halafu huja maswali magumu. Je, waliotarajiwa wakiwa sifuri? Je, wakichanjwa 70 kati ya 60? Pengine karani amekosea. Pengine mama wa Mbagala amempeleka mwanawe zahanati ya kata nyingine. Jibu hilo halimo katika Java. Hana budi kuulizwa muuguzi.

Hapo ndipo ulipo uzito wa kazi hii. Jaribio halithibitishi kwamba kitabu kimeandikwa kweli, ila huilazimu programu kujibu maswali yote upya kila inapobadilishwa, kabla asilimia yake haijaamua dawa ziende wapi. Mwaka 1974 mlango ulifungwa kwa sababu mashine ilishindwa mbele ya watu wote. Jaribio dogo huiacha ishindwe mapema, mezani pa aliyeiandika, wakati kosa lingali jepesi kusahihishwa.