Italia: Jinsi demokrasia ilivyomkabidhi Mussolini madaraka

Inasimuliwa mara nyingi kwamba Benito Mussolini aliipindua serikali ya Italia kwa nguvu mwezi Oktoba mwaka 1922. Ukweli ni kwamba aliwasili Roma kwa treni, akateuliwa na mfalme kuwa waziri mkuu, na wiki chache baadaye Bunge likampigia kura ya imani. Udikteta wake ulijengwa hatua kwa hatua, kwa ridhaa ya watu waliokuwa na uwezo wa kuuzuia.

Washindi wasio na utulivu

Italia ilikuwa miongoni mwa washindi wa Vita Kuu ya Kwanza, lakini ilipoteza wanajeshi wapatao 600,000. Bei za vyakula zilipanda, askari waliorejea nyumbani walikosa kazi, na wengi waliamini kuwa mkataba wa amani uliinyima nchi yao haki yake. Migomo ilienea, na Septemba 1920 wafanyakazi waliviteka viwanda vingi kaskazini mwa nchi.

Katika uchaguzi wa Novemba 1919, Wasoshalisti walipata viti 156 na chama cha Wakatoliki viti 100, kati ya viti vyote 508. Kwa pamoja vyama hivyo vingeweza kuunda serikali, lakini havikuafikiana. Kuanzia katikati ya mwaka 1919 hadi Oktoba 1922, Italia iliongozwa na mawaziri wakuu wanne: Nitti, Giolitti, Bonomi na Facta.

Mussolini alikuwa ameanzisha vuguvugu lake mjini Milano mwezi Machi 1919. Katika uchaguzi huo wa Novemba hakupata hata kiti kimoja.

Fujo zilizofumbiwa macho

Hali ilibadilika vijijini. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1920, makundi ya vijana waliovaa mashati meusi yalizivamia ofisi za vyama vya wafanyakazi na vyama vya ushirika katika bonde la mto Po. Waliwapiga viongozi, wakachoma majengo na kuwanywesha wapinzani mafuta ya nyonyo kwa lazima ili kuwadhalilisha. Wenye mashamba makubwa waliwapa fedha, na mara nyingi polisi walitazama pembeni.

Mwezi Mei 1921, Waziri Mkuu Giovanni Giolitti aliwaingiza mafashisti katika orodha yake ya wagombea, akitumaini kwamba wangetulia wakishaingia bungeni. Walipata viti 35 na heshima ambayo hawakuwa nayo awali. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Saini iliyokosekana

Tarehe 28 Oktoba 1922, maelfu ya mafashisti walielekea Roma, wengi wao wakiwa na silaha hafifu. Waziri Mkuu Luigi Facta aliandaa amri ya kutangaza hali ya hatari, ambayo ingeliruhusu jeshi kuwazuia. Mfalme Vittorio Emanuele III alikataa kuitia saini, na badala yake akamwita Mussolini aunde serikali.

Baraza lake la kwanza lilikuwa na mafashisti wachache. Mawaziri wengi walitoka katika vyama vingine. Bunge lilimuunga mkono kwa kura 306 dhidi ya 116. Waliompa kura hizo walidhani kwamba madaraka yangemfundisha ustaarabu.

Sheria zilizoiua demokrasia

Mwaka 1923 makundi ya mashati meusi yaligeuzwa kuwa jeshi la mgambo la dola. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria iliyoipa theluthi mbili ya viti orodha itakayoongoza, mradi ifikishe asilimia 25 ya kura. Uchaguzi wa Aprili 1924 ulifanyika katikati ya vitisho, na mafashisti pamoja na washirika wao wakashinda.

Tarehe 30 Mei, mbunge wa Kisoshalisti Giacomo Matteotti alisimama bungeni akaueleza udanganyifu huo waziwazi. Siku 11 baadaye alitekwa nyara na kuuawa. Wabunge wengi wa upinzani walisusia vikao, wakingojea mfalme achukue hatua. Hakuchukua. Januari 1925 Mussolini alitangaza mbele ya Bunge kwamba anabeba wajibu wote wa yaliyotokea, na hakuna aliyemwajibisha. Ilipofika mwisho wa mwaka 1926, vyama vingine vyote vilikuwa vimepigwa marufuku na magazeti huru yamenyamazishwa.

Gharama yake ilifika hadi Afrika Mashariki. Oktoba 1935 majeshi ya Mussolini yaliivamia Ethiopia na kutumia gesi ya sumu. Mwaka 1941, askari wa Afrika Mashariki walikuwa miongoni mwa waliopigana kuwaondoa Waitalia huko. Mfalme yuleyule aliyekataa kutia saini mwaka 1922 alimfukuza Mussolini Julai 1943, wakati ambapo Italia ilikuwa tayari imeelemewa na vita.