Jiwe la Uluguru na Taarikhi ya Atomu

Ukisafiri kwenda Kilosa kwa gari la moshi, au kwenda Mikumi kwa basi, itazame milima iliyo mkono wako wa kushoto upitapo Morogoro. Hiyo ndiyo Uluguru. Watu huisifu kwa mito yake na mboga zake. Ni wachache wajuao kwamba jiwe lililotoka humo lilipelekwa Ulaya likatoa ushahidi mkubwa juu ya atomu.

Habari ya atomu ni kongwe. Democritus wa Ugiriki alisema vitu vyote vimefanywa kwa chembe zisizokatika. Wanazuoni wa ilmu ya kalamu nao walijadiliana sana juu ya chembe isiyogawanyika. Ashari na wafuasi wake waliikubali, Ibn Sina akaikataa. Waarabu wa leo huiita atomu dharra, neno ambalo zamani lilikuwa na maana ya chungu mdogo au chembe ya vumbi. Wako wanaorukia hapo wakadai kwamba fizikia yote imo katika neno hilo. Mimi siwafuati. Neno lililopewa maana mpya juzi haliwezi kuwa hoja juu ya maana yake ya kale.

Hayo yote yalikuwa mabishano ya akili bila mizani. Mizani aliileta John Dalton, mwalimu wa Kiingereza, mwanzoni mwa karne ya 19. Alisema kila elementi ina atomu zake, na kwamba atomu zote za elementi moja zina uzito mmoja. Kauli hiyo ilishika karibu miaka mia. Kisha mwaka 1896 Becquerel aligundua kwamba urani hutoa miali yenyewe, na mwaka 1902 Rutherford na Soddy wakaonyesha kwamba atomu hugeuka: ya elementi hii ikawa ya elementi nyingine.

Sasa turudi Uluguru. Wajerumani walikuwa wakichimbisha ulanga huko, yale mawe yang'aayo yanayobanduka kama karatasi. Ndani ya ulanga mlionekana jiwe jeusi, zito kupita kiasi. Mwaka 1906 Willy Marckwald wa Berlin alilichunguza, akakuta ni la urani. Na madini ya manjano yaliyotokana nalo akayaita rutherfordine, kwa heshima ya Rutherford. Hiyo ilikuwa miaka ya Vita vya Majimaji, ambavyo moto wake ulifika hadi pande za Kilosa. Reli ilikuwa haijafika Morogoro, ilifika 1907.

Mwaka 1913 Soddy alisema jambo lililompinga Dalton waziwazi: elementi moja yaweza kuwa na atomu za uzito mbalimbali. Aliziita isotopu. Basi fanya hesabu nasi. Atomu ya urani ina uzito wa 238. Katika kugeuka kwake hutupa vipande 8, kila kimoja uzito wa 4, mpaka iwe risasi. Mara nane nne ni 32; toa katika 238, hubaki 206. Lakini risasi ya kawaida, hii ya chubwi za mvuvi, uzito wake ni 207.2. Kama Soddy amesema kweli, risasi iliyozaliwa ndani ya jiwe la urani itakuwa nyepesi kuliko ile ya sokoni.

Taabu ilikuwa kupata jiwe safi, lisilochanganyika na risasi ya kawaida. La Joachimsthal, huko Bohemia, lilitoa jibu la katikati. Fuwele za Morogoro zilikuwa safi. Stefanie Horovitz wa Taasisi ya Radiamu ya Vienna, pamoja na Otto Hönigschmid, walizipima: 206 na sehemu chache za mia. Kwa kemia ni risasi ileile, huwezi kuitenga. Kwa mizani ni nyingine. Na risasi hiyo ilikuwa ikijikusanya mle mlimani kwa zaidi ya miaka milioni 500.

Soddy alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921. Horovitz, Myahudi aliyezaliwa Warsaw, aliuawa na Wanazi kambini Treblinka mwaka 1942, na kwa miaka mingi wachache walimtaja. Ama wale waliopasua mwamba wa Uluguru wakalitoa jiwe lenyewe, vitabu vya kemia havikuwaandika. Vimeandika Morogoro tu.