Maunzi si Misumari

Mwulize kijana wa Keroka aliyeanza jana kusoma pakeji za kompyuta, "Hadiwea ni nini?" Akikujibu kwamba ni duka la misumari, saruji na mabati, usimkate alama upesi. Mjini Kisii, na Nyamira vilevile, hadiwea ndiyo hiyo, ina kaunta ya mbao na mizani ya kupimia misumari. Aliyekosea ni mtahini, aliyeulizia mashine kwa neno ambalo barabarani lina mwenyewe.

Neno letu la kazi hiyo lipo: maunzi. Shina lake ni unda, na kabla ya kompyuta lilikuwa neno la mafundi wa vyombo na majumba, umbo la kitu kilichoundwa. Mwanagenzi anayejua kuunda atakisia kwamba maunzi ni yale yaliyoundwa yakashikika kwa mkono. Atakayenipinga atasema hata programu huundwa, na kweli huundwa. Lakini sioni haja ya kuyagawa maunzi kuwa magumu (mashine) na laini (programu). Ugumu na ulaini huo ni utani wa wasemaji wa Kiingereza juu ya lugha yao wenyewe, na utani hauvuki mpaka ukabaki utani. Maunzi yabaki maunzi, programu ibaki programu.

Hapa ndipo ninapoyapenda maswali ya wanagenzi kuliko mijadala ya wataalamu. Mtaalamu huijua mashine kwa jina lolote utakalompa. Mwanagenzi hana ila jina. Istilahi nzuri humpa nusu ya jibu kabla hajafundishwa, na mbovu humtia kukariri. Kwa hiyo, mlinzi mwenzangu wa lugha, tuwatahini watahini.

Tuanze na mashine yenyewe. Shuleni Kenya mtoto anaandika tarakilishi, na ng'ambo ya mpaka Tanzania wenzake wanaandika kompyuta. Wapo wanaoitetea tarakilishi kwa hoja ya usafi, eti hiyo ndiyo ya Kiswahili halisi. Tuifungue basi: ndani yake mna tarakimu na akili, na zote mbili asili yake ni Kiarabu. Kilicho cha Kibantu ni mkia tu. Silaumu, kwani kukopa ni tabia ya Kiswahili tangu enzi za majahazi, ila mkopaji wa jana asimcheke mkopaji wa leo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu za ofisi zikasomeka kwa Kiswahili kwenye kioo, na tangu hapo kompyuta limekuwa neno lisiloomba radhi.

Na ulimi wa Gusii, nchi hii ya Kisii na Nyamira, unasemaje? Ekegusii, lugha ya huko, hakina sauti l wala p. Bibi wa Manga atasema tarakirishi, na kompyuta nayo atainyoosha anavyojua. Neno geni likiingia huko huvishwa nguo za nyumbani, ndiyo maana kitabu kimekuwa egetabu. Kwa hesabu ya ulimi, basi, hakuna mshindi. Kwa hesabu ya maana, tarakilishi linaeleza zaidi. Kwa hesabu ya kuenea, kompyuta limekwisha kushinda. Mimi ningempa alama kamili aliyeandika lolote kati ya hayo mawili, na ningeshuku mtahini anayekataa moja.

Ninachokionea wivu katika tarakilishi ni uzazi wake. Limezaa kipakatalishi, neno zuri kuliko mzazi. Kupakata ni kumweka mtoto mapajani, na hakuna anayehitaji kamusi kuelewa mashine ya mapajani. Watanzania wanasema kompyuta mpakato, na kitenzi ni kilekile. Pande mbili za mpaka zimefika mahali pamoja, dalili kwamba shina lilichaguliwa vizuri. Mkia -lishi ndio unaonitatiza: umekatwa kutoka neno jingine, peke yake hauna maana, na mtoto anayejua kulisha anaweza kudhani mashine inalisha.

Kisha kuna kishikwambi. Mwaka 2013 wanasiasa waliwaahidi watoto wa darasa la kwanza nchini Kenya vipakatalishi. Vilivyoanza kufika shuleni mwaka 2016 vilikuwa vishikwambi. Tanzania ikaliingiza neno hilo majumbani kwa sensa ya Agosti 2022, makarani walipobisha hodi wakiwa na vishikwambi mkononi. Kushika kunasikika mbele ya neno na mwanagenzi atakisia kinashikwa. Lakini simu pia hushikwa. Neno hilo lipate nusu alama.

Sasa tufike penye fujo kubwa. Katika vyumba vingi vya pakeji, ukisema "nionyeshe CPU", mwanafunzi ataelekeza kidole kwenye lile boksi zima lililo chini ya meza. Mwalimu wake alimwambia hivyo, na fundi wa mtaani anasema hivyohivyo. Kumbe CPU ni kipande kidogo kilichojificha ndani, juu ya bodi mama, na boksi ni nyumba yake tu. Herufi tatu zisizo na maana masikioni zinaweza kubandikwa popote, na zimebandikwa.

Kichakataji lingezuia kosa hilo. Kuchakata ni kukitia kitu ghafi katika kazi kikatoka kikiwa kingine. Katika Nyamira neno hilo halihitaji mfasiri, kwa sababu majani ya chai yanayochumwa asubuhi hupelekwa Kebirigo au Sanganyi kuchakatwa. Mtoto wa mkulima wa chai akisikia kichakataji atajua kwamba hapo kuna kinachoingia kibichi na kinachotoka tayari. Hataliita boksi kichakataji, kama asivyoliita lori la chai kiwanda. Boksi nalo lipewe haki yake: liitwe kasha. Kasha la kompyuta ni jina fupi, la zamani, na halidanganyi kuhusu kilichomo.

Tukiwa kwenye kasha, tuseme neno juu ya kumbukumbu. Tangazo la kompyuta ya mtumba litakwambia RAM ni GB 4 na diski ni GB 500, na mnunuzi mgeni atauliza kwa nini kumbukumbu moja ni ndogo hivyo. Swali lake ni zuri. Tumeiita RAM kumbukumbu, na wengine wakaiita diski kumbukumbu pia, tukamwacha mwanagenzi njia panda. Tena kumbukumbu kwa Kiswahili ni kitu kinachobaki: kumbukumbu za mkutano huhifadhiwa, kumbukumbu ya marehemu hudumu. RAM haibakishi kitu. Stima ikipotea, kila kilichokuwamo kimekwenda. (Stima yenyewe, kwa Mkenya, ni umeme, ilianza kwa mvuke wa meli. Lugha haina aibu.)

Napendekeza diski iitwe ghala. Ghala ni mahali pa akiba, na Mgusii anayesema ekiage ataona mara moja kwamba kinachowekwa humo ni cha kesho. RAM iitwe kishikizi. Kushikiza ni kukaza kitu kwa muda. Mshonaji hushikiza vipande kwa nyuzi chache kabla hajavishona kabisa. Swali la mtihani litajijibu: "Kazi uliyoiandika bila kuihifadhi iko wapi, kishikizini au ghalani?" Hifadhi ya muda na hifadhi ya kudumu ni majina sahihi, lakini marefu, na neno refu likifika kwa fundi hukatwa, na fundi hakati pale tunapotaka sisi.

Vifaa vya mkono vinanipa raha. Kibodi limeenea, na sina ugomvi nalo. Baobonye lilijaribiwa, linasema ukweli lakini linachekesha, na neno linalochekesha darasani halitoki nje ya darasa. Ninalolipenda ni kicharazio. Kucharaza ni kupiga chombo cha nyuzi kwa ustadi, na mpiga obokano wa Gusii hucharaza nyuzi nane. Ni kweli mwalimu mkali naye hucharaza, kwa bakora, na kuna wanafunzi watakaolisikia neno hilo kwa mgongo kwanza. Kipanya halina shida, ila tukumbuke kwamba ki- yake ni ya udogo, tofauti na ki- ya kicharazio ambayo ni ya kifaa. Anayemwita panya embeba nyumbani ataelewa umbo na mkia, ingawa vipanya vya siku hizi havina hata huo mkia.

Tutoke kwenye mashine twende mtandaoni, na njia ya kwenda huko inapita saiba. Kwa wengi Gusii, saiba ndipo fomu za serikali za eCitizen zinapojazwa na karatasi kuchapwa. Neno hili lina ukoo mtukufu kuliko vyumba vyake. Norbert Wiener alilichukua mwaka 1948 kutoka Kigiriki, ambako shina lake ni la mshika usukani wa chombo, yaani nahodha. Na nahodha letu nalo tulilipata kwa Waajemi. Kutoka shina hilohilo la Kigiriki, kupitia Kilatini, ndiko alikotoka gavana. Kaunti za Kisii na Nyamira zina magavana tangu 2013, na saiba na gavana ni ndugu wa damu, ingawa mmoja anatoza kwa ukurasa. Silibadilishi saiba. Anayekaa pale huongoza usukani wa mtu asiyejua njia, na jina limempata.

Mtandao, wavuti na tovuti tuyapitie haraka. Mtandao ni wa kutanda, dada wa tandabui, na unafaa kwa intaneti yote. Wavuti ni kurasa zilizounganishwa juu yake, tovuti ni makao ya mtu mmoja humo. Mtahini anayeyachanganya matatu hana haki ya kumsahihisha mtu.

Pakia na pakua ni fahari yetu. Sarufi yenyewe imefanya kazi: -ia inaweka, -ua inatoa, kama fukia na fukua. Anayepakua chungu jikoni ameshapakua faili. Sijui lugha jirani iliyopata jozi safi kuliko hii.

Bando la Kenya ni kifurushi cha Tanzania. Kifurushi ni kizuri zaidi, kwa kuwa furushi hufungwa likabebwa na likifunguliwa huisha, sawa na MB zetu. Lakini bando limeshafungwa na watu wa rika zote, na sidhani litafunguka. Alama ya reli nayo, ile mistari minne inayotangulia mada, imepokelewa hata Gusii ambako garimoshi halijafika.

Misimu ya mtandaoni ina ladha yake. Mgeni asiyejua adabu za jukwaa aitwe nani? Shule za bweni za Kenya zinasema njuka, au mono. Hilo la pili linanichekesha Kisii, kwa sababu kwa Ekegusii mono ni sana: mbuya mono, vizuri sana. Kiswahili cha zamani kina limbukeni, kutoka kulimbuka, kuonja mavuno ya kwanza. Ni neno la kejeli kwa anayejitapa na kitu alichokipata jana. Kwa hiyo tugawe: mwanagenzi ni anayejifunza kwa unyenyekevu, limbukeni ni yule wa jana anayewafundisha wa juzi. Mtandao una wote wawili, na tofauti ni muhimu.

Aliyesoma ujumbe wako asijibu, Mkenya anasema amekumezea. Mtanzania anasema amekukaushia. Tiki mbili za samawati hazihitaji jina jingine. Sanduku la ujumbe wa siri, ambalo vijana wanalitaja kwa herufi mbili, napendekeza liitwe faragha: "njoo faraghani." Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inailinda faragha ya kila mtu, na neno lina heshima inayoweza kuwatuliza hata wale wanaoingia humo kwa nia nyingine. Kicheko cha herufi tatu za Kiingereza sikitaki kabisa. Tuna kwi kwi kwi.

Limebaki flashi, na hili limenishinda nguvu. Mtu mzima wa Ogembo ukimwuliza flashi ni nini, atakwambia ni kupiga simu na kukata kabla haijapokelewa ili upigiwe, jambo ambalo Mtanzania anasema ni kubip. Mwanawe atachomoa mfukoni kile kijiti cha kubebea faili. Wote wana haki, na swali moja limezaa majibu mawili sahihi. Nilikitamani kijaluba, kile kikasha kidogo cha tambuu; ni kizuri mno, lakini bara nani anakijua? Napendekeza kibebeo, ambacho hata anayekisikia mara ya kwanza ataona kinabeba. Wewe mtunga maswali wa muhula ujao, kijaribu kwa wanagenzi wako, na mwenye neno bora kuliko hilo alilete.