Riwaya Kuukuu Katika Mji Uliozingiwa

Jeshi la Wajerumani lilipoikata njia ya mwisho ya nchi kavu iendayo Leningrad, tarehe 8 Septemba 1941, na siku hiyo hiyo mabomu yakayateketeza maghala ya chakula ya Badayev, hapana aliyedhani kwamba mji ule ungekaa katika mazingiwa siku 872, wala kwamba miongoni mwa vitu ambavyo watu wake wangevitafuta katika dhiki ile kingekuwamo kitabu cha hadithi kilichokwisha kusomwa na wengine. Njaa haikukawia. Tangu tarehe 20 Novemba hadi tarehe 25 Desemba, posho ya mkate kwa mtoto, kwa karani na kwa kila asiye mfanyakazi wa kiwandani ilikuwa gramu 125 kwa siku. Maji yaliganda katika mabomba, taa zilizimika, na watu wakajikunyata kando ya majiko madogo ya chuma, wakichoma viti vyao, kisha vitabu.

Ajabu ni kwamba vitabu, ambavyo mmoja alivitia motoni, mwingine alivinunua. Biashara ya vitabu vikuukuu, ambayo makao yake tangu zamani yalikuwa barabara ya Liteiny, haikufa: waliofiwa waliuza maktaba za marehemu wao, na wengine wakatoa kwa ajili ya riwaya fedha ambazo karibu hazikuwa na nguvu tena ya kununua chakula. Maktaba ya Umma nayo, iliyofunguliwa kwa wasomaji mwaka 1814, haikufunga milango yake. Wakutubi wake, wenyewe wakiwa dhaifu kwa njaa, waliingia katika nyumba zilizobaki bila watu, wakakusanya vitabu na kuviburura juu ya theluji, na waliporudi wakawajibu waliokuja kuuliza namna ya kutengeneza viberiti na mishumaa. Nawastahi watu hawa kuliko majemadari wengi.

Lidia Ginzburg, mwandishi aliyekuwamo mjini katika mazingiwa, ameeleza kwamba wenye nguvu ya kusoma waliisoma kwa shauku *Vita na Amani* ya Lev Tolstoy, nao hawakuipima riwaya kwa maisha yao, bali walijipima wao kwa riwaya, wapate kujua kama hofu yao na ushujaa wao ulikuwa wa kiasi kipasacho. Tolstoy hakuiona vita ya 1812 aliyoisimulia, maana alizaliwa mwaka 1828. Lakini alipokuwa afisa wa mizinga aliuona mji wa Sevastopol ukihusuriwa, na elimu ya vita aliipata mahali ambapo haipatikani kwa kusoma.

Katika kitabu chake kuna mlango ambao, kwa rai yangu, ndio kiini cha habari yote. Ukoo wa Rostov wajiandaa kuikimbia Moscow, magari yamekwisha pakiwa mazulia na vyombo vya thamani, na majeruhi waomba nafasi. Natasha, binti wa nyumba ile, aghadhibika juu ya mama yake hata mali yashushwa na majeruhi wapandishwa, naye hajui kwamba miongoni mwa majeruhi wa msafara ule yumo Andrei, mchumba ambaye yeye Natasha alimvunjia ahadi. Mahabba yao yarudi kwa njia hiyo, wala hayarudi kwa njia nyingine, naye amuuguza hata mauti yanapomchukua.

Msomaji wa Leningrad, ambaye huenda saa ile alikuwa akimegea mwingine kipande cha mkate wake, hakuhitaji sherehi juu ya mlango huu. Thamani ya nafasi moja katika gari aliijua barabara, kwa kuwa malori yaliyoanza kuvuka barafu ya ziwa Ladoga mwezi wa Novemba 1941 yalileta unga, na kati ya Januari na Aprili mwaka uliofuata yakawatoa watu zaidi ya nusu milioni, na mizigo yao ikawa michache kwa lazima. Vitabu havikuwa na nafasi. Vilibaki rafuni, vikaangukia mikononi mwa jirani, mwa mkutubi au mwa muuzaji, na kwa njia hiyo vikapata wasomaji wapya.