Nyama choma, hata ya Kikorea

Migahawa ya Kikorea, ambako mlaji hulipa mara moja na kujichomea nyama mezani hadi ashibe, imeleta swali la jina: tuiite "babikyu" ya Kikorea? Nashikilia kwamba jina tunalo, nalo ni nyama choma. Anayekwenda Mnada wa Msalato, hapa Dodoma, hahitaji kufafanuliwa neno hilo. Wapo wanaolipinga kwa sarufi, wakitaka "nyama ya kuchoma" au "iliyochomwa". Lakini Kiswahili huunganisha maneno bila kiunganishi: punda milia, askari kanzu, chipsi mayai. Wakorea nao wamefanya vivyo hivyo: katika bulgogi, jina la pishi lao la nyama, bul ni moto na gogi ni nyama, basi.

Pingamizi zito zaidi ni la mapishi. Bulgogi hukatwa nyembamba na kulowekwa katika mchuzi wa soya, sukari, vitunguu saumu na mafuta ya ufuta. Mnadani chumvi inatosha, nyama hupimwa kwa kilo, na mchomaji ndiye anayeigeuza. Tofauti hizo ni za kweli, ila neno letu halitaji kiungo wala mkono unaogeuza; linataja nyama na moto. Kwa hiyo bulgogi libaki jina la pishi lake, kama pilau na biriani, na nyama choma liwe jina la ukoo mzima. Lugha inayokopa jina la kitu ilichokwisha kukitaja vizuri inajinyima bure.